Jina la Mnyama

Sikutambua kwamba, tulipokuwa tukicheka, tumeketi juu ya magunia ya chumvi, mwanamke aliyeketi kando yangu hakucheka. Ilikuwa Desemba 1959, katika lori la kwenda Bwera, mji mdogo wa mpakani. Kasim, mnunuzi wa kahawa, alikuwa akiwaita Wakonzo, wakulima wa milima ya huko, nyani, ingawa kahawa yake yote ilitoka mashambani mwao.

"Acha, muzee," mwanamke yule akasema. "Kwetu Rwanda, sisi Watutsi walituita nyoka. Tulicheka pia. Lakini nyoka haipelekwi barazani, inapigwa tu. Bwana yangu walimuua hivyo, mwezi iliyopita." Kasim akainamisha kichwa. "Pole, mama. Lakini mimi natania tu." "Hata wao ilikuwa majirani ya kutania."

Lori likasimama Bwera. Tangu siku ile sijacheka tena mtu anapoitwa jina la mnyama.