Neno Ambalo Dada Yetu Alilikataa

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee safari ya dada yetu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka. Naomba mniwie radhi mapema, kwa sababu historia za namna hii huwa zinamvika marehemu nguo nyeupe tupu, lakini yeye mwenyewe alikataza, akasema tukimsifu bila kulitaja lile lingine tutakuwa tumemzika na uongo, nasi tuliona haya kulisema, tukaona haya zaidi kulificha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya wanne, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa, ambapo tulilala na kuamka kwa mlio wa saa za watu, kila moja ikidai wakati wake. Mama yetu alikuwa mfuaji katika hospitali ya serikali, mwanamke asiyependa maneno mengi, na inasemekana dada aliyachukua yote aliyoyaacha mama, maana aliongea mapema kuliko sisi sote na hakunyamaza.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, na huko ndiko kilikojulikana kipaji chake, kwamba aliweza kumweleza mwenzake hesabu ngumu mpaka ikasikika kama umbea. Mliosoma naye, na baadhi yenu mko hapa, mnakumbuka kwamba kila jambo kwake lilikuwa rahisi, hata kumenya vitunguu alisema ni rahisi huku machozi yakimchuruzika, na ndipo alipopewa jina la Rahisi, jina lililomfuata hadi kazini, hadi kwa wakwe, hadi kwenye kibao cha mlango wa ofisi yake.

Alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1991, akafundisha kwa miaka kadhaa, kisha akajifunza kuandika programu za kompyuta, na tarehe 3 Aprili 2000 akaajiriwa na kampuni ya madalali wa hisa, iliyokuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi, mahali ambapo dirisha likifunguliwa harufu ya mpira inaingia, na likifungwa watu wanaiva kwa joto. Kampuni ilikuwa na programu ambayo kwayo mteja aliweza kununua na kuuza hisa akiwa kwake, na wakubwa walitaka mteja aweze pia kuiachia kompyuta amri, ili imfanyie kazi hiyo wakati yeye yuko kwenye shughuli zake, na amri hizo zilihitaji lugha ya kuandikiwa. Kazi ya kuitunga lugha hiyo walipewa watu wawili, dada yetu na mwenzake wa meza ya pili, bwana mmoja mpole anayeongea polepole hata ukadhani amesinzia katikati ya sentensi, ambaye wenzao walimwita Profesa.

Hao wawili waliheshimiana, lakini hawakukubaliana kamwe. Profesa alitaka lugha yenye nguvu, ambayo mtu angeweza kuiambia kompyuta jambo lolote, ihesabu, ikumbuke, irudie, ijisahihishe, ila ukiiona kwenye kioo ungedhani mtu amepita juu ya vitufe na viatu. Dada alitaka lugha ambayo mama yetu mfuaji angeisoma akaielewa, na akaitunga kweli, lugha ya maneno machache ya kila siku, mteja aliandika, bei ya hisa hii ikishuka chini ya hapa, nunua, ikipanda juu ya pale, uza, na kompyuta ikatii. Tusimnyime haki yake, ndugu zangu, lile lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu wauguzi, walimu, wauza vitambaa, watu ambao milango ya soko la hisa walikuwa wakiiona kwa nje tu, waliingia na kuketi.

Profesa alipoona lugha yake haitachukuliwa, aliomba jambo moja tu, kwamba katika lugha ya dada liongezwe neno kumbuka, ili amri iweze kujua imeshafanya nini kabla ya kufanya tena, kwa maana bila neno hilo bei ikicheza juu na chini kwenye mstari aliouweka mteja, kompyuta ingenunua kila inaposhuka, tena na tena, ikidhani ni mara ya kwanza. Dada alikataa. Kwenye kikao, mbele ya wakubwa, alisema ukimpa mteja kumbuka, kesho atataka sahau, keshokutwa atataka hesabu, na mwisho wake ni kurudi kwenye mavitufe ya Profesa, kisha akamwigiza jinsi anavyoongea, polepole, na kikao kizima kikacheka. Profesa hakulitaja tena neno hilo, na mwaka uliofuata aliacha kazi.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Desemba 1997 dada alifunga ndoa na mpima ardhi, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1999, ambaye leo ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa 2003, fundi wa mitambo ya baridi. Shemeji yetu alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake, fundi cherehani mnayemfahamu wengi wenu, aliyemsomesha kwa kushona sare za shule, na ndiye aliyeshona gauni la harusi la dada na kukataa malipo, akisema fundi hamtozi mke wa mwanawe. Kwa watoto yeye ni baba mkubwa, lakini kwa kweli alikuwa babu na bibi yao kwa pamoja.

Fundi huyo alikuwa na akiba aliyoiweka kwa miaka mingi ili akinunue chumba cha kushonea alichokuwa amekipanga, na dada ndiye aliyemshauri aiweke kwenye hisa, akamfundisha kuandika amri yake mwenyewe, na kwa muda mrefu ilimwendea vizuri, maana soko lilikuwa tulivu, na katika maji matulivu hata mtumbwi uliotoboka unaonekana mzima. Mwezi Agosti 2011 bei ziliyumba. Asubuhi moja hisa aliyoiandikia amri ilishuka chini ya mstari wake na kompyuta ikanunua, ikapanda kidogo, ikashuka, ikanunua, na ikaendelea hivyo wakati fundi yuko kwenye cherehani yake akipindisha suruali za watu, mpaka akiba yote ikageuka kuwa rundo la hisa moja, na kabla ya wiki kwisha hisa hiyo ikaporomoka, haikuinuka tena. Hakuwa peke yake, wateja wengi walipata pigo hilohilo siku ileile.

Kampuni iliwaita kwenye ukumbi. Waliokuwepo wanasema watu hawakupiga kelele, walikuwa wamekaa kama wagonjwa wanaosubiri majibu, na fundi akasimama akauliza kwa adabu kwamba yeye alitaka kununua mara moja tu, je, alikosea wapi. Dada alikuwa jukwaani pamoja na wakubwa wake. Aliijua amri ile, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuiandika, na jibu alilijua pia. Akasema, "Mfumo umefanya ulichouambia, shemeji. Uzembe wa anayeandika hatuwezi kuuzuia."

Fundi akasema asante, akaketi.

Miezi michache baadaye neno kumbuka liliongezwa kwenye lugha ile, dada aliliandika kwa mkono wake, na tangazo la kampuni likaliita maboresho. Mwaka 2013 alipandishwa cheo, akawa mkuu wa idara, na sisi huku nyumbani tulichinja na kusherehekea, hatukujua tunasherehekea nini.

Kuanzia hapo fundi alibadilika. Alijiuzulu uenyekiti wa chama cha mafundi, akaacha kuweka saini popote mpaka mtu mwingine amsomee kwanza, na chumba kile kiliponunuliwa na mtu mwingine yeye akahamia kibarazani mwa duka la vyombo. Watu walisema ni uzee. Harusi ya binti wa marehemu ilipofika, mwaka 2021, binti alikwenda kumwomba baba yake mkubwa amsemee mbele ya wakwe, akakataa, akamwambia mtu aliyeshindwa kuandika sentensi moja ya kujiokoa hafai kusemea mtoto wa watu. Binti alirudi nyumbani akamweleza mama yake hivyo hivyo, bila kujua anamweleza nani, na dada, ambaye alikuwa anakunja vitambaa vya sherehe, aliingia chumbani akafunga mlango, akatoka wageni walipoanza kumuulizia. Mumewe anasema tangu siku ile hakumsikia tena akitamka kwamba jambo fulani ni rahisi.

Aliugua mwaka uliofuata. Madaktari walikuta saratani ya ini, akaanza matibabu mwezi Septemba 2022, akastaafu mapema, na mwezi Machi mwaka huu wa 2023, akiwa hawezi tena kutembea bila kushikwa, aliniomba nimpeleke kwa fundi, kwa hiyo ninayosema sasa sikuhadithiwa. Kilikuwa kibaraza chembamba, kimezibwa kwa mapazia yaliyokuwa yanasubiri kupindwa, na dada akakaa kwenye kiti cha wateja akiwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, akimwangalia magoti, hakuweza kumtazama machoni.

"Shemeji," alisema, "amri yako haikuwa na kosa. Kulikuwa na neno lililohitajika, niliombwa niliweke kwenye lugha, nikakataa. Hata ungesoma mwaka mzima usingeliandika, kwa sababu halikuwepo."

Fundi alisimamisha cherehani. Aliuliza kama siku ile ya ukumbini alikuwa analijua hilo, na dada akajibu kwamba alilijua. Basi yule mzee akasema, bila ukali, "Uliniita mzembe mbele za watu. Ukweli umeniletea nyuma ya mapazia." Akamwomba asirudi tena hadi atakapokuwa tayari kuyasema hayo mahali penye watu, akarudi kwenye kazi yake, na hakutusindikiza.

Dada alikubali. Alimwagiza mumewe awaalike ndugu na wateja wa zamani waliopatikana, akachagua Jumamosi, lakini kabla haijafika alizidiwa akalazwa, na hakutoka. Siku zake za mwisho alimwita Profesa, naye akaja, akakaa kando ya kitanda, na dada alipomwomba msamaha kwa kicheko kile cha kikaoni, Profesa alisema kwamba hata lugha yake ingeumiza watu, ila wachache, kwa sababu ni wachache tu wangeielewa, na hiyo si sifa ya kujivunia. Dada akamjibu, kwa sauti iliyokuwa imeshapungua, "Urahisi haukuwa kosa langu. Kosa ni kumnyima mtu ulimi, halafu nikamlaumu kwa kutosema." Kisha akanigeukia mimi akaniambia ikiwa hatawahi kusimama mwenyewe, nisimame mimi.

Aliaga dunia tarehe 14 Juni 2023, alfajiri, mumewe na wanawe wakiwa naye.

Sitaficha kwamba tumebishana. Shangazi yetu mkubwa alisema aibu ya maiti haianikwi, inakwenda naye, na wako waliosema wajukuu watachekwa, na mimi mwenyewe niliandika historia hii mara ya kwanza nikaishia kwenye kupandishwa cheo. Aliyekata shauri ni binti yake. Alisema baba mkubwa ameibeba aibu isiyo yake muda wa kutosha, na sisi wenye aibu hatuwezi kushindwa kuibeba kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo, shemeji, fundi, wewe uliyekuja na kuketi nyuma kabisa karibu na mlango, nasema kwa niaba ya dada yangu, mbele ya wafanyakazi wenzake, wakubwa wake waliofika, na wateja waliokuwemo ukumbini siku ile: hukuwa mzembe, wala hukuwa mjinga, uliandika sawasawa kabisa kila neno ulilopewa, na lililokosekana lilikosekana kwa dada yetu. Ninyi wengine mlioondoka ukumbini mkijilaumu, maneno haya ni yenu pia. Na wewe, shemeji, hatukuombi usamehe, wala hatutegemei ujibu hapa, tumeona haya ya kutosha kujua kwamba hilo si letu kuliomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, waliomtunza bila kumchoka, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimsuka nywele hata zilipobaki chache, majirani waliochukua kazi za jikoni kutoka mikononi mwetu, wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya tatu, na Profesa, aliyesafiri mara mbili.

Dada, ulilotaka lisemwe limesemwa mbele za watu. Sasa pumzika, na amani uliyoikosa muda mrefu iwe kwako.