Dkt. Maximilla Naswa Wakhisi (1981–2025): Vimelea Ndani ya Leso

Dada yetu, Dkt. Maximilla Naswa Wakhisi, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, huko Port Victoria, Busia. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Wakhisi na Mama Nabututu, ambaye wengi wenu mmekula samaki wake. Mimi Byron, ninayewasomea, ni kitinda mimba. Nilipozaliwa mwaka 1998 nilikuta picha ya Maxi imeshatundikwa ukutani, na haijawahi kushushwa hata siku moja ili yangu nayo ipate msumari.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995 na wa kidato cha nne mwaka 1999, yote akiwa wa kwanza. Alipata shahada ya biolojia mwaka 2004 na ya uzamivu mwaka 2013. Mimi diploma yangu ya umeme nimeifanya nusu, na Mama huikumbuka nusu hiyo stima ikipotea tu. Lakini msidhani Maxi alikuwa malaika. Alikuwa na wivu. Darasa la saba msichana mmoja alimpita hesabu kwa alama moja. Mwaka jana, akiwa kitandani, Maxi alikuwa bado anamtaja kwa jina.

Tangu mwaka 2008 alifanya kazi ya utafiti wa malaria katika maabara moja hapa Kisumu. Krismasi moja nilimuuliza jikoni kazi yenyewe ni gani. Akaniambia kimelea cha malaria ni seli moja tu, lakini ndani kuna mpangilio kama nyumba ya mtu. Agizo linatunzwa katikati. Nakala yake, inayoitwa RNA mjumbe, inapelekwa pahali fulani na kukaa hapo. Yeye alitafuta wajumbe hao wanakaa upande gani katika kile kimelea chenye umbo la ndizi, ambacho kiko ndani ya damu ya mtu kikingoja kunyonywa na mbu.

"Kwa hivyo unalipwa kujua nani amekaa wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Na wewe umekaa tu na hulipwi."

Damu ya wagonjwa ilitoka zahanati moja ya Usenge, na shida ilikuwa barabara. Kimelea hicho kikipoa kidogo tu kinadhani kimeshaingia ndani ya mbu, na wajumbe wanaondoka walipokuwa. Mara ya kwanza Mama alikuwa Usenge kununua omena, akaona zile chupa za damu, akazifukia kwenye barafu ya samaki kwa mapenzi yote. "Kitu ya mtoto wangu isiharibike," alisema. Kwetu ziwani kitu cha maana huwekwa barafu, nani angemlaumu? Kazi ya msimu mzima ikaenda. Maxi hakumfokea Mama. Alinifokea mimi, ambaye hata sikuwepo.

Sanduku la joto la maabara nalo lilipoa kabla ya kufika Kisumu. Ndipo Maxi akaanza kuzifunga chupa vizuri kwenye mfuko, anauweka tumboni chini ya blauzi, anazungusha leso, na kuja nazo kwa joto la mwili wake. Ilifanya kazi. Hakumwambia mtu. Watafiti wa ng'ambo waliotafuta jambo hilo hilo walikuwa na darubini ambazo yeye aliziona kwenye picha tu, na alitaka kuonyesha kabla yao pahali wajumbe wale wanakaa. Leso ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho na wao hawana.

Mwaka 2010 aliolewa na Bwana Ondiek wa hapa Otonglo, na Mungu akawapa binti mmoja, Awino. Shemeji yangu naye ana wivu wake. Siku moja mnunuzi wa samaki alimpigia simu kutoka Usenge: "Hongera, jaduong', mzee wangu, nimeona mama Awino ako na mzigo, na umekaa chini, ni kijana." Ondiek hakula. Maxi alipoingia tu, akamzuia mlangoni.

"Maximilla, hiyo tumbo ni ya nani?"

"Ni ya wagonjwa," akasema, akafungua leso.

Ondiek aliapishwa anyamaze, na alinyamaza.

Mwezi Agosti 2023 Maxi alipatikana na saratani ya matiti. Hakuweza tena kwenda Usenge, kwa hivyo kazi ikashikwa na mwanafunzi wake, Amolo: kijana, mzima, mwenye miguu ya kukimbia. Kila picha ya Amolo ilitoka wajumbe wametawanyika. Alibadilisha rangi, akabadilisha dawa, mwaka ukaisha. Maxi alijua kosa liko wapi. Alinyamaza.

"Mwambie mtoto wa watu," Ondiek alimsihi.

"Atakuja kuipata na nywele zake zote kichwani," Maxi alijibu. "Na mimi je?"

Mwezi Februari mwaka huu Amolo alikuja hospitalini akilia. "Daktari, nimeshindwa. Naacha masomo. Binamu yangu ana duka la simu."

Mimi nikamkaribisha: "Karibu kwetu, wa nusunusu. Viti viko."

Maxi aliniangalia vibaya mpaka nikaacha kutafuna. "Huyu mmoja ametosha," akasema. Akamwambia Awino amletee leso, akainuka kwa shida, akamsimamisha Amolo kando ya kitanda na kumfunga mwenyewe, akikaza fundo kama mtu aliyekasirika. "Hapa. Juu ya ngozi. Usiweke chini, usimpe dereva, na usinishukuru."

Mwezi Mei Amolo alileta picha. Wajumbe walikuwa wamekusanyika upande mmoja wa ile ndizi, wote. Maxi aliiangalia sana. "Ni hapo," akasema. Halafu akageukia ukuta, na Amolo akakaa naye. Maxi alituacha Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na minne.

Ameacha mume wake, Bwana Ondiek. Binti yake, Awino. Mama yake, Mama Nabututu. Na mimi ndugu yake. Mama ameniagiza nimwandike na Amolo kama mtoto wa nyumba hii. Nimemwandika. Sijafurahi, kwa sababu mimi Maxi hakuwahi kunifunga kitu chochote kwa mkono wake, lakini nimemwandika.

Lala salama, dada, na usigeuke kuangalia nani anakuja nyuma.