Kitanda cha Mwalimu Nasike

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Nasike, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya msingi karibu na Sirisia. Kwao kulikuwa Kitale.

Mwaka wa 2003, masomo ya bure yalipoanza, watoto walifurika. Darasa la sita, watoto tisini na wanane. La saba, themanini na kitu. Mwalimu wa Kiingereza, mmoja tu. Watoto wanne, kitabu kimoja.

Nasike aliomba ruhusa, akang'oa mbao mbili za ukuta kati ya madarasa hayo. Akawa anasimama hapo penye pengo, akifundisha huku na huku. Sentensi aliziandika kwenye karatasi za mifuko ya simiti.

Kizito, mwanafunzi wake wa zamani, alinichekesha. "Ukisinzia darasa la sita, madam anakuita akiwa la saba! Si ni maajabu, bana?"

Mwaka huo huo Nasike aliomba uhamisho. Mama yake, Mama Wilkista, alikuwa mjane, peke yake Kitale. Nasike hakuwa na mume wala mtoto. Walikuwa wawili tu. Ofisi ya elimu ikajibu: utahama akipatikana wa kushika nafasi yako.

Aliomba tena mwaka uliofuata. Jibu lile lile. Miaka sita, wapendwa, jibu lile lile.

Huko Kitale, mama yake alikuwa amemtengenezeshea kitanda kwa fundi. Nasike alikilalia wakati wa likizo tu. Shule zikifunguliwa, mama alikitandika upya, akafunga mlango wa chumba.

"Nilimwambia, 'Njoo tu, mwanangu, ofisi itajipanga,'" Mama Wilkista alinieleza. "Akaniuliza, 'Na pale kwa pengo, mama, nani atasimama?'"

Huko Sirisia aliishi chumba kimoja. Jioni hakuwa na wa kuongea naye. Lakini asubuhi zingine alikuta kuni mlangoni. Hakuwahi kujua ni nani aliyeziweka.

Mei mwaka huu wa 2009, alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki hospitalini Bungoma, mama yake akiwa bado njiani.

Wiki tatu baada ya mazishi, mwalimu mwingine akaletwa. Anaitwa Jerono, msichana wa Cheptais. Alikuwa analala sakafuni. Mama Wilkista aliposikia, alikodi pikapu, akapeleka kile kitanda.

Jerono akasita. "Mama, siwezi. Ni cha marehemu."

"Ati huwezi? Ni cha mwalimu. Lala, mwanangu. Kesho una madarasa mawili."

Mama Wilkista, pole sana. Najua chumba kile sasa hakina hata kitanda cha kutandika. Mungu akae nawe humo.

Nawe msikilizaji, mwalimu wa mtoto wako anaongea na nani jioni? Usiache kuni mlangoni ukaondoka. Piga hodi, uingie.