Odero wa Katwe, Aliyesikiliza Matrekta

Ndugu, jamaa na majirani, kabla gari halijaondoka hapa Nsambya kumpeleka kwao, tulieni kidogo mmsikie mtu huyu, maana wengi wenu mlimjua kwa mikono ya grisi tu.

Marehemu Josephat Odero alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 huko Ugunja, Siaya, nchini Kenya, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Oloo na marehemu mama Aoko. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ugunja, kisha akajifunza umakanika Kisumu. Mama yake alisema kumtafuta hakukuwa kazi: fuata trekta la misheni, utamkuta nyuma yake anakimbia na vumbi.

Mwaka 1988, vita vya hapa vimetulia na mashamba yanaanza kulimwa upya, alivuka mpaka wa Busia akaja Kampala. Alipata kibanda Katwe, katikati ya wafua mabati, akawa fundi wa matrekta. Kazi aliifanya kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Akiridhika alisema neno moja: "Imetulia." Kabla hajalisema, ole wako uliondoe trekta lako.

Hapo Katwe ndipo alipomwona Filda Aol, binti wa sajini Olanya wa kambi ya polisi Nsambya, aliyekuwa akiwauzia mafundi chakula cha mchana. Filda alimwita kwa mbali, "Odero-oo, chakula!" naye katika zogo lote lile la nyundo alisikia, hata kama wengine hawakusikia. Walifunga ndoa hapa Nsambya tarehe 12 Agosti 1995. Siku hiyo alimwahidi kwamba vita vya kaskazini vikiisha, atalima shamba la baba mkwe wake huko Pader kwa trekta, Filda alione tena lina simsim, yaani ufuta. Bibi harusi alilia mbele za watu. Shamba lile la Pader lilikuwa pori, na ndugu za Filda walikuwa wamelikimbia.

Vita vikaisha, lakini masikio ya Odero nayo yakaisha. Nyundo na injini ziliyala kidogo kidogo, hata mwaka 2012 Filda alimwita akiwa kando yake, asigeuke. Na matrekta yenyewe yalikuwa yamebadilika. Yana kompyuta ndani. Trekta likigoma, lazima wenye kampuni waje na mashine yao, nao huja wakipenda. Odero hakususa. Aliagiza Nairobi skana ya bei nafuu, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa, ikawa inamwandikia kwenye kioo hitilafu alizokuwa akizisikia zamani. "Hii ni sikio yangu ya duka," alisema, akacheka peke yake.

Aprili 2014, trekta la shemeji yake Komakech liligoma huko Pader, katikati ya shamba lile lile, mvua zimeshaanza. Ahadi ni deni. Odero na Filda wakapanda basi. Alichomeka skana, ikamwonyesha waya wenye kutu. Akausafisha, akafuta kosa, taa nyekundu ikazimika, kioo kikasema hakuna shida. Vigelegele! Komakech akapanda juu aanze kulima. Filda akamshika mumewe mkono, akamtazamisha mdomo wake ausome.

"Baba Moreen, bado iko nagonga."

"Mashine nasema hakuna kitu."

"Mashine nasema. Mimi nasikia."

Jamani, mtu aliyepakua posho, ugali wa mafundi, kando ya injini miaka yote hiyo, utamdanganya nini? Odero alimtazama sana, kisha akampa bisibisi. Filda, na kitenge chake cha safari, akasikiliza nozeli za kunyunyizia dizeli moja baada ya nyingine, akanyoosha kidole kwenye ya tatu. Ilikuwa imekufa, na ingeiua injini nzima kabla ya jioni. Walipoibadilisha na kuwasha tena, fundi alisimama akimsubiri mkewe.

"Imetulia," Filda akasema.

Shamba lote lililimwa. Jioni Odero alikaa ukingoni mwa udongo mpya, akamwambia, "Injini nitaishi bila. Ile 'Odero-oo' yako ndiyo naitamani, bambi," akambembeleza kwa Kiganda. "Naitamani sana." Tangu hapo Katwe walizoea: skana kwa mzee, bisibisi kwa mama.

Januari 2023 alipatwa na kiharusi, akapoteza nguvu za upande wa kulia. Aliuguzwa nyumbani, kisha hospitali ya Nsambya, alikofariki tarehe 9 Septemba 2023. Siku moja kabla, Filda alitoa bisibisi kwenye mkoba. Akaegemeza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la mumewe, chuma akakiweka juu ya mtulinga wake mwenyewe, chini ya koo, ili sauti ipite mfupani, akainama, akaita kwa nguvu zake zote, "Odero-oo, chakula!" Wauguzi waligeuka. Odero alifumbua macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Imetulia," alisema.

Ameacha mjane, Filda Aol, watoto, Moreen, Travis na Aber, wajukuu wanne, shemeji Komakech, na trekta ambalo bado linalima. Bisibisi iko mkononi mwa mama hapo mbele, na tafadhali mtu asimwombe aiweke chini.

Pumzika kwa amani, Odero. Siku utakapoitwa tena, utasikia.