Ma Zizi, Aliyemwombea Dada Yake kama Mtu Baki

Baba Paroko, wanachama wa Waridi na wa Magarita, majirani wa Fond Lilas, nanyi mliotoka mbali mkapanda mabasi alfajiri ili muwahi, familia imempa mtoto wa kwanza wa marehemu, Anselm, kazi ya kusoma maisha ya mama yake, naye ameyaandika kwa mkono wake bila kusaidiwa, kwa hiyo makosa ya lugha ni yake, na yamo makosa mengine humu ambayo si ya lugha, nayo pia ni yake.

Mama yetu, Eudoxia Marie Hippolyte, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa jina la Ma Zizi, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 11 Machi 1938 hapa hapa Fond Lilas, wilaya ya Choiseul, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Theophilus Biscette, mkata miwa, na marehemu Mama Sidonie, mfinyanzi wa majiko ya mkaa, akabatizwa katika kanisa hili mwezi uliofuata. Mama Sidonie alifariki kwa homa mwaka 1945, wakati baba alipokuwa ameshakwenda Curaçao kutafuta kazi, na huko hakurudi, hivyo marehemu akabaki mikononi mwa dada yake aliyemzidi miaka tisa, ambaye kijiji kizima kilimwita Titin. Huyo Titin, akiwa mwenyewe bado msichana, ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamfundisha sala zote anazozijua Mkristo, akamfundisha na kuukanda udongo kwa miguu kabla hajaweza kuubeba.

Alianza shule ya parokia Januari 1946, na kwa wiki mbili za kwanza aliandikwa hayupo, ingawa alikaa dawati la mbele, kwa sababu mwalimu aliita "Eudoxia Biscette" na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huyo ni yeye, kwao alikuwa Zizi basi. Alipoulizwa mbona haitiki, alijibu kwa Krioli kwamba anamsikitikia sana huyo mtoto Eudoxia asiyekuja shule, akachapwa viboko viwili, kimoja cha kutoitika na kingine cha kusema Krioli darasani. Aliacha masomo mwaka 1950 akiwa darasa la nne ili amsaidie dada yake, na tangu hapo hadi mguu wake ulipokatwa hakuwahi kufanya kazi nyingine isipokuwa majiko, ambayo wengi wenu mnapikia shelisheli na ndizi mbichi hadi leo, maana jiko la Ma Zizi halikupasuka.

Hiyo ilikuwa kazi ya mikono. Kazi ya moyo ilikuwa nyimbo, kwani mwaka 1957 Chama cha Waridi, chama cha nyimbo kinachoshindana na Magarita, ua kwa ua, tangu enzi za babu zetu, kilimfanya manju wake, mwenye kuanzisha wimbo na wenzake wakapokea, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa tu, na ninyi wa Magarita mlioko upande ule mnakumbuka alivyowaandama, mliposema Waridi wanapiga kelele kama soko la samaki, naye akawajibu, "Bora sisi, ninyi mnaimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa!"

Tarehe 18 Januari 1958 alifunga ndoa na Gaspard Hippolyte, mkulima wa ndizi, mtu mpole, ambaye aliishi naye hadi Gaspard alipofariki tarehe 2 Mei 1988. Mungu aliwajalia watoto wanne, Anselm, Philomena, Lucius aliyekufa akiwa na miezi minne, na Bernadette, pamoja na wajukuu saba ambao amewaacha wakiwa hai.

Sasa inabidi historia hii irudi nyuma kidogo, na familia inaomba mvumilie, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza jambo hili lisomwe mbele yenu.

Mwaka 1961 Titin aliolewa Dennery, upande wa pili wa kisiwa, na fundi seremala aitwaye Vava, na alipofika kwa mumewe akaingia chama cha mumewe, cha Magarita. Mnajua kwetu mtu anaweza kuhama nyumba, anaweza kuhama hata chama cha siasa, lakini ua lake hahami, na marehemu aliona ni kama ameachwa yatima mara ya pili. Basi kwenye sikukuu ya Mtakatifu Rosa, tarehe 30 Agosti 1963, akiwa amesimama mbele ya mfalme na malkia wa chama, aliimba wimbo mpya alioutunga yeye, akamwita dada yake jiko zuri lisilowahi kuwashwa moto, na kila mtu ukumbini alielewa, kwa kuwa Titin alikuwa na miaka miwili kwa mumewe bila kupata mtoto, wala baadaye hakujaliwa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, mfalme akataka urudiwe mara tatu, na kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote wimbo ulishafika Dennery.

Titin hakujibu, wala hakukanyaga tena Fond Lilas. Marehemu alijua amekosa, alikwenda kuungama, padri akamwambia kitubio chake ni kwenda kwa dada yake, naye kila mwaka alisema, "Tukimaliza kuvuna," kisha akasema, "Tukimaliza Kwaresima," na kwa njia hiyo ilipita miaka thelathini na moja.

Titin alifariki siku ya Ijumaa tarehe 3 Juni 1994. Vava, ambaye hakusoma, alimpigia simu Anselm, wakati huo karani mjini Castries, akamwomba apeleke tangazo la kifo redioni, akamtajia yote yanayotajwa, majina ya nyumbani, ndugu, wakwe, watoto wa ubatizo, kila mmoja na kijiji chake. Anselm alikuwa kijana wa tai na viatu vya kung'aa, akaona aibu kumkabidhi dada wa mapokezi wa redio karatasi yenye Titin na Vava na Zizi na mtoto wa ubatizo aitwaye Nguruwe Mdogo, akayakata yote, akabakiza maneno ya kistaarabu. Kwa hiyo Jumamosi saa sita mchana, saa ambayo nchi nzima husimamisha vijiko ili isikie nani amefariki, lilisomwa jina la Bi Clementia Agatha Wilfred wa Dennery, ambaye ameacha mume, ndugu na jamaa wengi, na hilo Clementia ni jina alilolibuni baba wa ubatizo njiani, baada ya kusahau jina alilotumwa kuandikisha, wala halikuwahi kutumika isipokuwa kwenye karatasi za serikali, sawa na Wilfred, jina la mumewe, ambaye kila mtu alimjua kwa Vava tu.

Marehemu alikuwa uani akilainisha jiko, pamoja na jirani yake Ma Loulou, ambaye yupo hapa na atatusahihisha.

"Huyo nani tena?" Ma Loulou akauliza.

"Simjui. Mtu wa Dennery."

"Dennery si kwa dada yako?"

"Dennery ni kubwa, Loulou. Wewe hujatoka hapa tangu uzaliwe, ndiyo maana."

Kisha akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye udongo, akasema, "Mungu amlaze pema, maskini, hata jina lake halijawahi kufika huku," akamwombea Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, kama tunavyomwombea mtu baki, halafu akamwambia Ma Loulou amsogezee lile jiwe la kulainishia.

Mazishi yalikuwa Jumanne tarehe 7 Juni, Anselm alikuwepo, akamtafuta mama yake kanisani asimwone, akahukumu moyoni kwamba ni kiburi cha ule wimbo, akakaa na hasira hiyo siku nane, kisha akaja Fond Lilas kumgombeza.

"Mama, hata mauti hayakukutosha? Wimbo wa zamani hivyo ndio ukuzuie kumzika dada yako?"

"Kumzika nani?"

"Mama, usinifanye mtoto."

"Na wewe usinichezee, Anselm, nina kazi. Kumzika nani?"

"Titin, Mama. Jumanne ile."

Marehemu aliketi pale pale juu ya udongo mbichi. Akasema, "Redio haikusema," na ni hapo mwanawe alipoelewa alichokifanya, na badala ya kukisema akajibu, "Labda watu wa Vava hawakutaka ujue." Maneno hayo yalimtoka kwa pumzi moja, nayo yalidumu miaka ishirini na nne.

Tangu siku hiyo mama yetu hakuimba tena. Alikirudishia chama cheo cha manju, hakuwauzia jiko watu wa Dennery, na Vava alipomtumia kapu lenye vitu vya Titin alilirudisha bila kulifungua, akimwambia mletaji, "Mwambie walioninyima maiti wasinipe matambara." Anselm aliyaona yote haya, alikuja kila Pasaka akala chakula cha mama yake, akapokea Ekaristi kwenye benchi lile, akanyamaza.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2003, mguu wa kushoto ukakatwa Februari 2016, na kuanzia Julai mwaka huu hali ikawa ya kitandani. Jumapili tarehe 9 Septemba, baada ya kuletewa Komunyo nyumbani, alimwambia mwanawe, "Nimemsamehe kila mtu isipokuwa Vava. Padri anasema hiyo 'isipokuwa' ndiyo itakayonifungia mlango. Piga magoti, unisaidie kuomba." Anselm alipiga magoti, lakini sala haikutoka, likatoka tangazo, lote, na tai, na dada wa mapokezi, na ule uongo.

Marehemu aligeukia ukutani. Siku tatu hakupokea chakula isipokuwa kwa mkono wa Philomena, na siku ya nne akamwita mwanawe, akauliza, "Gari lako lina mafuta?"

"Linayo, Mama."

"Basi kamlete shemeji yangu. Umwambie mwenyewe kabla hajapanda, mimi sitakusemea."

Mzee Vava, mwenye miaka themanini na minane, alisikiliza hadi mwisho akiwa kibarazani pake, akasema tu, "Miaka yote hii nilidhani kosa ni langu, nikawa nalitafuta," kisha akaomba apewe kofia yake.

Alipoingia chumbani marehemu alimtazama kwanza, akamwambia, "Shemeji, umezeeka vibaya."

"Na wewe mguu umeuacha wapi?"

"Umetangulia kunishikia nafasi."

Walicheka wawili hao, na kicheko kilipokwisha marehemu akamwomba msamaha kwa kapu, na kwa matusi, na zaidi kwa wimbo ule, na Vava akashangaa, akasema, "Wimbo? Titin alikuwa akiuimba mwenyewe akifua nguo! Alikuwa akisema, mdogo wangu ana sauti, lakini kwenye ubeti wa pili amepotea, na hayupo hapa nimrekebishe."

"Ubeti wa pili una kosa gani?"

Vava akauimba kama alivyouimba mkewe, kwa sauti ya chini ya Kimagarita, na kweli kosa lilikuwepo, na marehemu alicheka, kisha akalia hadi tukataka kumwita muuguzi. Alipotulia akauliza ndani ya kapu mlikuwa na nini.

"Gauni jekundu, la sikukuu yenu. Alikushonea mwaka ule wa mwisho, akasema utakuja tu."

"Liko wapi?"

"Nilimpa binti wa jirani, shemeji. Limeshachakaa."

Kesho yake marehemu alimwita Anselm na karatasi, akamtajia tangazo lake la kifo neno kwa neno, na majina ya nyumbani ya watu arobaini na mmoja, akimsomesha tena na tena, na kila alipolitaja moja kwa haraka alimwambia, "Rudia, huyo ni mtu." Mlilisikia Alhamisi, na tunawashukuru watu wa redio kwa kulisoma lote.

Aliaga dunia Jumatano tarehe 21 Novemba 2018, saa kumi alasiri, nyumbani kwake, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, Philomena na Ma Loulou wakiwa naye.

Kuhusu mwanawe, familia isingependa mdanganywe. Wiki moja kabla alimwuliza, "Mama, umenisamehe?" naye akasema, "Niletee maji." Maji yaliletwa, akanywa, akalala. Anselm hajui kama hilo lilikuwa jibu, wala hataki mtu amfariji kwa kumwambia lilikuwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka yote ya sukari yake, wauguzi wa zahanati waliopanda kilima hiki mvua ikinyesha, Baba Paroko, wafinyanzi wenzake, majirani waliochemsha chai ya kakao tangu Jumatano bila kuombwa, Chama cha Waridi, na Chama cha Magarita cha Dennery, ambacho kimekuja leo na watu thelathini, pamoja na Mzee Vava, ambaye mbele yenu nyote Anselm anamwomba msamaha, yeye na ukoo wake, kwa kuwabebesha dhambi isiyokuwa yao.

Mama, ingia katika raha ya Bwana wako, na ukionana na Titin, ukishamaliza yako, mwombee na mwanao kwake, maana jina lake nililikata mimi.