Mawingu ya Mtopanga, Nyota ya Voi

Bwana asifiwe! Aa, hiyo ni sauti ya watu walioshindia muhogo mbichi. Semeni tena. Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, mimi mwanijua, fundi wa mageti hapa Mtopanga. Shule tuliachana kidato cha pili, na hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini mwalimu mmoja mstaafu aliniletea stendi ya darubini yake nimchomelee. Nikachungulia mara moja tu, basi! Nikawa mtu wa nyota.

Tuko na kikundi chetu cha simu, watu wenye darubini wa hapa, Malindi na Voi. Kuna nyota hulipuka ghafla, ikang'aa siku chache, ikafifia. Habari ikija, lazima mtu agawe zamu za kuitazama, picha zisikatike. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa ajili ya mdomo huu. Ndugu zangu, kiburi kikaniingia! Zamu ya kwanza kila mara najipa mwenyewe. Dada Mwende wa Voi, mwenye darubini kubwa kuliko yangu, namweka mkiani.

Jumamosi ile habari ikaja mchana: nyota imelipuka! Picha ya kwanza ipatikane jioni hiyohiyo, la sivyo mwanzo wake tumeupoteza. Nikajiandika mimi. Kutazama juu, wingu zito kama godoro.

Nikakimbilia hapa, maombi ya saa kumi. Nikapiga magoti, nikapaza sauti: "Ee Bwana, ifungue mbingu, yafukuze mawingu!"

Ubavuni mwangu Mama Kadzo naye: "Ee Bwana, yashushe! Mahindi yangu yakauka!"

Nikaongeza sauti. Akaongeza. Mchungaji akafungua jicho moja. Mama Kadzo akanifinya: "We fundi, hiyo nyota utaipika na nazi?"

Saa kumi na mbili mvua hiyo! Mwende akaandika kikundini: "Fundi, huko kwenu kumejaa mawingu ama kiburi? Voi kweupe."

Nilikuwa nishaanza kumjibu kwamba mvua itapita. Ndugu zangu, kidole kikawa kizito! Nikafuta. Mbele ya kikundi chote nikaandika: "Dada, nisamehe. Zamu ni yako. Mimi hapa sioni hata tangi la jirani."

Saa moja na nusu picha ikaingia. Kanukta keupe, kadogo, kamewahiwa! Nililia kama nimekazaa mimi. Malindi wakakapokea baadaye, hakakupotea.

Kwa hiyo namshukuru Mungu. Mama Kadzo alipata mvua yake, na mimi nilijibiwa vilevile. Niliomba mbingu ifunguke, ikafunguka. Sikutaja mji gani.

Wewe uliyeng'ang'ania zamu isiyo yako, iachilie leo, umwamini Bwana. Yeye hupanga vizuri kuliko mimi. Siku hizi zamu anagawa Mwende. Kaniweka mkiani, saa kumi za alfajiri, na usingizi wangu mwaujua. Lakini kiburi kimetoka, ndugu zangu. Nipigieni simu niamke!