Fundi na Uvimbe Tulioambiwa Hauui

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 2003, kitinda mimba wa mama yetu. Baba mdogo ameniomba nisome wasifu huu kwa upole. Nitasoma kama ilivyokuwa.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli, akamaliza kidato cha nne mwaka 2020. Alifungua redio ya mama mara tatu. Mara ya tatu ikalia. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Fundi. Akaweka kibanda kando ya stendi, akitengeneza redio na simu.

Hakuoa. Alichumbia Januari 2022, ila uvimbe ulipotokeza shingoni mchumba alirudisha pete. Leo amekuja na miwani myeusi. Karibu.

Uvimbe wenyewe ni wa nadra, huwapata zaidi vijana, na si saratani. "Huu hauui, mama," daktari wa utafiti alisema, akitabasamu. Tarehe 4 Aprili 2023 Fundi alitia sahihi kuingia kwenye jaribio la dawa, yeye na vijana wengine kumi na watatu. Vidonge vilimharisha, vikampasua midomo, lakini uvimbe ulinywea. Mwezi wa saba alifunga kifungo cha juu cha shati kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akapita nyumba hadi nyumba akipiga hodi: "Jamani, tazameni shingo!"

Februari 2024 jaribio lilifungwa. Watengenezaji walisema washiriki ni wachache mno. Nilikuwepo, chumba namba sita.

"Sasa nimekwisha mimi au limekwisha jaribio?" Fundi aliuliza.

"Fomu uliisoma," daktari alijibu, macho kwenye kompyuta.

Tuliwaandikia watengenezaji barua nne kuomba aendelee kupewa vidonge. Tulijibiwa moja, ikimwita mshiriki namba tisa.

Uvimbe ulirudi, ukambana koo. Alifariki tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi, wadi ya upasuaji, akisubiri zamu yake. Cheti kimeandikwa kushindwa kupumua, basi. Daktari, shada lako tumeliona. Ukiondoka, ondoka nalo.

Ameacha mama, baba mdogo, mimi dada yake, na wenzake kumi na watatu wa jaribio. Wawili wamekaa pale mlangoni. Mmoja hawezi tena kuinua mkono. Daktari, kawasalimie kwa majina yao.

Mungu ampe mdogo wangu amani. Mimi sijaipata.